Injini Iliyokufa Ikiwa na Oili Tele

Kijana ninayetaka kuwasimulia habari zake ni dalali wa almasi hapa Maganzo. Ameniruhusu nieleze yaliyompata, ila jina lake nisilitaje. Mafundi waliohusika nao nitawaacha bila majina, maana simtafuti wa kumwaibisha. Injini ya gari lake ilikufa barabarani ikiwa na oili tele. Asubuhi ya siku hiyo alichomoa dipstiki, akaona oili imefika alama ya juu, akaifuta na kuirudisha, akaanza safari ya Mwanza bila wasiwasi. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa imenoki upande wa Hungumalwa, na gari likarudi nyumbani likivutwa na Fuso.

Pale kijiweni maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema ni mkosi. Wapo waliosema Subaru ndivyo zilivyo, ukinunua Subaru umejinunulia kazi. Nilikaa na mwenye gari, kisha nikakaa na fundi mzee aliyeifungua ile injini, na kadiri walivyoeleza ndivyo nilivyoona kwamba mkosi haukuwepo. Gari lilitoa ishara kwa miezi. Kila lilipotoa ishara lilitulizwa kwa jambo jepesi: kuongeza oili, kuweka oili nzito, kupaka silikoni. Mimi na wewe tungefanya hayohayo, kwa kuwa ni rahisi, yanagharimu kidogo, na kwa siku chache yanaonekana kusaidia. Kwa sababu hiyo naona kisa hiki kinatuhusu sote tunaoendesha magari ya mtumba.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX la bluu, lenye injini ya EJ20 na tabo. Injini hiyo ina ujazo wa cc 1,994 na silinda nne zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zikienda na kurudi kwa ubavu badala ya kupanda na kushuka. Katika ukanda wetu wa madini gari la namna hiyo lina heshima yake. Kijana akiuza jiwe zuri, wenzake hutazama atanunua nini. Na sifa za Impreza hazikutoka hewani. Dereva Colin McRae alishinda nalo mashindano ya Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nalo mwaka 2000, katika vumbi na mashimo ya aina tunayoijua. Lakini magari yale yalikuwa na kundi zima la mafundi waliolala chini yake kila yaliposimama, wakikaza, wakikagua, wakibadilisha. Gari la mtumba lenye umri mkubwa halina kundi hilo. Lina wewe mwenyewe na fundi utakayemchagua.

Alilinunua kwa mtu wa Mwanza. Walikutana jioni, gari likiwa limetoka kuendeshwa, injini bado ya moto. Boneti lilipofunguliwa kila kitu ndani kiling'aa. Kijana akafurahi: gari la umri ule, injini safi namna ile! Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kwanza, ikampita. Injini iliyofanya kazi miaka mingi haiwi safi bila kuoshwa. Muuzaji huenda aliiosha kwa nia njema, kwa kuwa kila anayeuza hutaka kitu chake kipendeze, nami sina sababu ya kumtuhumu. Hata hivyo maji yale yaliondoa ushahidi wote. Vumbi ndilo linalomwonyesha mnunuzi njia ya oili: mahali pakavu vumbi hukaa jepesi, ukipuliza linaruka, mahali panapovuja hugeuka tope jeusi linalonata. Ukikuta injini imeoshwa, usilikatae gari kwa hilo peke yake. Omba uliendeshe kwa muda wa kutosha mpaka injini ishike joto kamili, kisha inama tena na tochi. Halafu omba kuliona asubuhi ya siku nyingine, kabla halijawashwa. Muuzaji akikataa yote mawili, ondoka.

Siku ileile palikuwa na ishara nyingine ndogo. Chini ya injini za magari haya kuna kava la kukinga matope na mawe. Gari lile halikuwa nalo, matundu ya vishikizo yalikuwa wazi. Kava likiwepo hukusanya oili inayodondoka, na ardhi hubaki safi hata kama injini inavuja. Lisipokuwepo, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu amekuwa akiingia chini ya gari mara kwa mara hata akachoka kulifunga. Kwa vyovyote vile mnunuzi ana haki ya kuuliza. Kijana hakuuliza, na sidhani kama wengi wetu tungeuliza, macho yakiwa kwenye rimu na masikio kwenye mlio wa ekzosi.

Majuma ya mwanzo gari lilimpa raha. Kisha ikaja harufu. Akipunguza mwendo kwenye matuta, au akisimama kumsubiri mtu, harufu ya oili iliyoungua iliingia ndani kupitia matundu ya hewa. Akiwa katika mwendo haisikiki. Asubuhi aliinama kutazama chini ya gari, akakuta ardhi kavu, hakuna doa. Akaamua kwamba hakuna kinachovuja.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo tunapopotea wengi. Katika injini zilizosimama, zile za Toyota nyingi tulizozizoea, kava la tapeti liko juu. Gasketi yake ikichoka, oili hushuka taratibu ubavuni mwa injini mpaka ikafika chini, na utaliona doa. Katika injini iliyolala makava ya tapeti yako pembeni, na ukingo wake wa chini uko juu ya mabomba ya ekzosi. Tone likitoka huangukia chuma cha moto na kuwa moshi kabla ya kufika ardhini. Harufu hutangulia, doa hufuata, pengine baada ya muda mrefu. Anayesubiri doa ndipo aamini atakuwa amechelewa. Tena ule moshi mwembamba unaopanda pembeni mwa boneti gari linaposimama usiuchukulie kuwa jambo la kawaida la gari kuukuu. Oili ikidondokea ekzosi yenye joto kali inaweza kushika moto, na gari likiwaka kwenye barabara ya kwenda Misungwi zimamoto hawako karibu.

Ishara iliyofuata ilikuwa kwenye dipstiki. Injini ile hubeba oili lita nne na kitu. Kijana alianza kuongeza kidogo, kisha kidogo tena, mwisho akanunua dumu akaliweka kwenye buti. Naomba msomaji alitazame hilo dumu. Siku unapoanza kusafiri na oili ya akiba kila uendako, umekubali kwamba injini inavuja au inakula oili, na umeamua kuishi hivyo. Kuongeza ni lazima, kwa sababu injini haiwezi kukaa bila oili. Lakini ukiongeza, andika: tarehe, kilomita, na kiasi. Kiasi kikipanda kutoka mwezi hadi mwezi utajua ugonjwa unakua. Yeye hakuandika popote. Nilipomuuliza alikuwa akiongeza kiasi gani mwanzoni na kiasi gani mwishoni, alifikiri muda mrefu, kisha akasema kwa masikitiko kwamba hajui.

Rafiki akamshauri aweke oili nzito, 20W-50, badala ya ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Uvujaji ukapungua kweli. Oili nzito hupita polepole kwenye upenyo, na kwa sababu hiyohiyo hupita polepole kwenye njia nyembamba zinazolainisha tabo na beringi, hasa asubuhi injini inapowashwa. Kwa joto letu oili nzito si haramu, na vipo vitabu vya magari vinavyoiruhusu. Kosa ni kuitumia kufichia uvujaji.

Doa likaja hatimaye, jeusi, pana, likikua kila asubuhi. Akalipeleka gari kwa fundi wa karibu, mtu mwenye bidii na asiye na roho mbaya. Fundi akafungua makava ya tapeti, akakuta gasketi zimekauka na kupasuka. Gasketi mpya za injini ile hazikupatikana Maganzo wala Shinyanga mjini siku ile. Kuziagiza Dar es Salaam kulimaanisha gari kulala, na kijana alikuwa na mteja anayemsubiri. Wakakubaliana kutumia silikoni nyekundu. Ikapakwa kwa wingi kuzunguka ukingo wote, juu ya gasketi zilezile za zamani, na bolti zikakazwa kwa nguvu zote ili zishike.

Zikashika. Kwa muda mfupi ardhi ilikuwa kavu, na kijana alimsifia fundi wake kwa kila mtu. Kisha oili ikatokea nyuma, pale injini inapoungana na giaboksi. Baada ya hapo ikatokea mbele, chini ya kava la taiming belti. Kwangu mimi hii ndiyo ishara kubwa kuliko zote. Walipoziba mahali pamoja, pakafunguka pengine. Gasketi moja ikichakaa kwa uzee, ukiiweka mpya mambo huisha. Sili tatu nne zikianza kutoa oili zikifuatana, kuna kitu ndani kinachoisukuma.

Yule fundi mzee niliyemtaja mwanzoni, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini kando ya lami, aliliona gari limeegeshwa akalisogelea. Alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, akaweka kiganja juu ya tundu, akasikia upepo ukimsukuma.

"Mwanangu, hii injini haipumui," alisema. "Niachie siku mbili nifungue njia zake za pumzi."

"Sawa mzee, shikamoo. Nikitoka Mwanza nitakuletea."

"Marahaba. Usikawie."

Alitoka Mwanza mara nyingi baada ya hapo. Gari hakulipeleka, kwa sababu lilikuwa linatembea, na gari linalotembea ni vigumu kulilaza.

Alichokuwa anakisema mzee ni hiki. Kila mlipuko unapoisukuma pistoni, sehemu ndogo ya gesi hupenya kwenye ringi na kushuka tumboni mwa injini. Hata injini mpya hupitisha kidogo. Gesi hiyo inahitaji kutoka, na watengenezaji wameiwekea njia: mipira kadhaa na valvu ndogo ambayo mafundi huiita PCV, inayoirudisha kwenye njia ya hewa ikaungue. Valvu hiyo ikijaa uji mweusi wa oili chafu, au mpira wake ukijikunja ukaziba, gesi hubanwa ndani. Inapobanwa husukuma oili kupitia kila sehemu dhaifu: gasketi za tapeti, sili za kamshafti, sili za krenki mbele na nyuma, na lile bamba dogo la kutenganisha oili lililoko nyuma ya injini za EJ, ambalo katika matoleo ya zamani lilitengenezwa kwa plastiki na hupinda kwa joto. Gari likiwa na tabo msukumo huongezeka. Mtu anaweza kuitoa injini nzima, akabadilisha sili ya nyuma kwa gharama kubwa, akairudisha, na baada ya muda mfupi sili mpya nayo ikaanza kutoa oili, kwa kuwa valvu ya bei ndogo haikuguswa.

Mwishoni kabisa ikaja taa. Taa nyekundu ya oili ilianza kupepesa gari linapokata kona, kisha ikawa inapepesa pia likiwa sailensa baada ya mwendo mrefu. Kijana aliogopa, hilo lazima niliseme kwa haki yake. Alisimama, akachomoa dipstiki, akakuta oili ipo. Kwa kuwa oili ipo, akaamini swichi ya taa ndiyo mbovu. Akabadilishiwa swichi. Taa ikaendelea kupepesa, naye akaizoea.

Ndugu msomaji, dipstiki hupima kiasi cha oili kilichomo kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Haijui kama oili hiyo inafika kwenye beringi. Taa ndiyo inayohusika na hilo, nayo imewekwa iwake presha ikiwa imeshuka sana, karibu na kwisha. Inapowaka, beringi zinakaribia kusaga chuma kwa chuma. Usiseme nitafika kwanza pale mbele. Ondoka barabarani kwa usalama, zima, na usiwashe tena mpaka presha ipimwe kwa geji halisi inayofungwa mahali pa swichi. Geji ya namna hiyo fundi mwenye vifaa anayo, na kuipima hakuchukui muda.

Siku ya safari ya mwisho alikuwa ameipita Mwigumbi muda mrefu, gari likienda vizuri, aliposikia mlio, ko ko ko, ukiharakisha kila akikanyaga mafuta. Alidhani jiwe limenasa kwenye rimu. Akaongeza sauti ya redio. Karibu na Hungumalwa nguvu zikapotea ghafla, taa zote zikawaka, injini ikazimika na haikuzunguka tena.

Nilikuwepo ilipofunguliwa. Mzee alianza na sampu. Akalitoa bomba la kunyonyea oili, lile lenye wavu wa chuma mwishoni, akanikabidhi bila kusema neno. Wavu ulikuwa umefunikwa na vipande vya silikoni nyekundu, vikubwa na vidogo, vimebanana hata chuma hakionekani. Silikoni iliyopakwa kwa wingi, makava yalipokazwa, nusu ilitokea nje ikaonekana kazi safi, nusu ikaingia ndani. Ya ndani ilikatika kwa joto, ikachukuliwa na oili mpaka kwenye sampu, ikanyonywa mpaka kwenye wavu. Lita zote za oili zilikuwepo, pampu haikuweza kuzivuta. Kwenye kona oili ilipojisogeza upande mmoja hali ikawa mbaya zaidi, ndiyo maana taa ilianzia kwenye kona. Beringi ya konrodi moja ilikuwa imezunguka mahali pake na krenki imechimbika. Kisha mzee akaitoa PCV iliyofichika chini ya manifoldi, akaitikisa sikioni mwa kijana. Valvu nzima hulia ikitikiswa. Ile ilikuwa kimya, imeziba kabisa. Kijana akaketi juu ya tairi, akainamisha kichwa. Mimi pia nilikosa la kumwambia.

Nimesikia watu wakisema kwamba haya ni mambo ya gereji za chini ya miti. Hapana. Mwanzoni mwa mwaka 2014 kampuni ya Porsche iliwaambia wenye magari mapya ya 911 GT3 waache kuyaendesha, baada ya mawili kuungua moto Ulaya. Magari yote ya toleo hilo yalikuwa 785. Uchunguzi ulionyesha kwamba bolti za konrodi zililegea, konrodi ikaharibu tumbo la injini, oili ikatoka na kushika moto. Kampuni ikabadilisha injini za magari yote 785. Oili ndiyo iliyoonekana na ndiyo iliyowaka, lakini wahandisi walifuata nyuma mpaka kwenye bolti. Mzee wa mwarobaini, akiwa na tochi na kiganja chake, alikuwa anafuata njia hiyohiyo.

Sasa tufanyeje? Kwanza hakikisha kwamba kinachotoka ni oili ya injini. Weka boksi jeupe lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha, asubuhi utazame rangi, unuse, uguse. Oili ya giaboksi ya manyuo ina harufu kali ya salfa. Mafuta ya stelingi na ya giaboksi ya otomatiki aghalabu ni mekundu. Maji ya rejeta yana rangi yake na hayatelezi kwa namna ya oili. Nimewahi kuona mtu akiandaa fedha za kubadilisha sili ya krenki, kumbe mpira wa stelingi ndio uliokuwa unadondosha kwa juu.

Kisha osha injini, safari hii kwa faida yako. Iwe baridi. Funika altaneta na njia ya hewa, tumia sabuni ya kukatia grisi, na usitumie petroli wala mafuta ya taa, maana watu wameungua kwa hayo. Ikikauka, pulizia poda ya mtoto sehemu unazozishuku, washa, iache ingurume, kisha nenda mwendo mfupi na urudi. Poda hulowa pale oili inapopita na kuonyesha mchirizi. Ipo pia rangi maalumu inayochanganywa na oili na kung'aa chini ya taa ya UV, na mafundi wa mijini wengi wanayo. Kwa njia yoyote utakayotumia, fuata mchirizi kwenda juu na mbele. Oili hushuka, na upepo wa safari huirudisha nyuma, kwa hiyo mahali palipolowa sana chini karibu na giaboksi panaweza kuwa mbali kabisa na tundu lenyewe. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo pa kushughulika napo. Kabla ya kukubali injini itolewe kwa ajili ya sili ya nyuma, hakikisha makava ya tapeti ni makavu, na mwambie fundi akuonyeshe kwa tochi.

Kwa injini hii yapo maeneo mengine mawili ambayo nisingependa uyasahau. La kwanza ni tabo: bomba lake la kuletea oili, na mpira mfupi wa kurudishia, ambao hukaa karibu na joto kali mpaka ukawa mgumu na kupasuka. La pili ni mbele, nyuma ya taiming belti, penye sili za kamshafti, sili ya krenki na pampu ya oili, ambayo skrubu za bamba lake la nyuma zina tabia ya kulegea. Oili ikilowesha belti, belti huharibika kabla ya wakati wake, na ikikatika, valvu hugongana na pistoni. Belti ya EJ20 hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ikifunguliwa, badilisha na sili zote zilizo nyuma yake. Kuzirudisha za zamani ili kuokoa fedha kidogo, wakati kila kitu kiko wazi, ni kujitafutia kazi ileile mara ya pili.

Halafu pima pumzi. Injini ikiwa sailensa, toa kifuniko cha kujazia oili, funika tundu kwa glovu ya mpira. Ikivutwa ndani kidogo au ikatulia, vema. Ikijaa upepo na kusimama, pumzi imebanwa au ringi zimechoka. Anza na PCV na mipira yake. Ikiwa ni mipya na glovu bado inasimama, omba kompresheni ipimwe kabla hujatumia fedha kwenye sili yoyote, kwa sababu huenda injini yenyewe ndiyo iliyokwisha.

Kazi ya kufunga nayo ina adabu yake. Gasketi iwe mpya, hata kama gari litalala likiisubiri. Uso wa alumini usikwanguliwe kwa patasi wala bisibisi, maana mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha oili. Silikoni iwekwe pale tu kitabu kinapotaka, tone dogo kwenye kona ambazo vipande viwili vinakutana, si kuzunguka kava lote. Bolti za kava la tapeti ni ndogo na nguvu inayotakiwa haifiki hata Nm 10; mkono wa fundi mwenye misuli hupinda kava au hukata nyuzi, na tangu hapo gasketi yoyote itavuja. Kama fundi wako hana spana ya kupimia nguvu, tafuteni ya kuazima.

Kijana aliuza vitu kadhaa alivyovipenda, akanunua injini nyingine ya mtumba Dar es Salaam. Ilipofika, mzee alikataa kuifunga siku ileile. Aliilaza juu ya tairi, akabadilisha PCV na mipira yake, sili zote za mbele, sili ya nyuma, na bamba la kutenganisha oili akaweka la chuma. Akafungua sampu ya injini hiyo nayo, akatazama wavu wake. Gasketi zilichelewa kuja na basi, na kijana akasubiri bila kumharakisha mtu.

Baada ya kilomita elfu moja alilirudisha gari chini ya mwarobaini kama walivyokubaliana. Oili ilimwagwa na kuchujwa kwenye kitambaa cheupe kutafuta chembe za chuma, hazikuwepo. Mzee akapita na tochi kona moja baada ya nyingine. Kona ya chini ya kava la kushoto ilikuwa na unyevu kidogo, usiofika hata kuwa tone. Kijana alikuwa na safari ya Mwanza asubuhi yake. Akapiga simu kuiahirisha, na kava likafunguliwa jioni hiyohiyo.